Mtoto hajambo?

Kwanza samahani kwa ukimya. Najua wapo walioniandikia kuuliza kama nimeacha kuandika au nimepata kazi serikalini (mambo haya mawili huwa yanafuatana). Sijaacha wala sijapata. Nilikuwa nauguza, na baada ya kuuguza nilikuwa natafuta namna ya kuliandika jambo hili bila kujipendelea. Sijui kama nimeipata, lakini haya.

Tulifika hospitali saa tatu kasoro usiku. Mimi, mama Kidoti, Kidoti mwenyewe amelegea begani kwangu kama kanga iliyolowa, na Dada. Kidoti ni binti yetu, ana mwaka mmoja na miezi minane. Si jina lake la kadi ya kliniki, ila ana kidoti shavuni na humu nitamwita hivyo. Dada ni dada wa kazi. Jina analo, tena zuri, lakini sikumwomba ruhusa ya kulitumia. Halafu ukweli ni kwamba nyumbani kwetu hakuna anayelitumia. Tunamwita Dada, Kidoti anamwita Dada, muuza genge anamwita Dada. Ana miaka kumi na tisa.

Mlangoni mlinzi akasema wanaingia wazazi peke yao. Dada akabaki nje kwenye benchi, kashika mfuko wa nepi na ndala moja ya mtoto. Nyingine ilidondoka kwenye bajaji.

Daktari alikuwa mwanadada wa rika langu. Akamlaza Kidoti kitandani, akaanza kumpima huku anauliza. Kuna nini? Mama Kidoti akamwambia kwamba saa mbili usiku mtoto alikuwa amemlalia mapajani, ghafla akakakamaa, macho yakageuka, mikono na miguu ikaanza kutetemeka. Ilichukua dakika ngapi? Hatukujua. Kwa hesabu ya moyo wangu ilikuwa saa nzima.

“Hii ni mara ya kwanza?”

“Ndiyo,” tukajibu wote wawili kwa pamoja, kama wanafunzi.

Homa ilianza lini? Leo. Saa ngapi? Kimya. Mara ya mwisho amekula nini, na saa ngapi? Mama Kidoti akanitazama, mimi nikatazama ukuta. Ametapika? Sidhani. Amekojoa mara ngapi tangu mchana? Amepewa dawa gani, kiasi gani?

Ndugu zangu, kazi yangu mimi ni kuuliza maswali. Nimekaa kwenye mikutano mingi ya waandishi wa habari nikimtazama msemaji wa taasisi fulani anatokwa jasho, anasema “taarifa kamili tutawaletea baadaye”, na moyoni nikawa namcheka. Usiku ule msemaji nilikuwa mimi. Niliulizwa kuhusu mtu mwenye kilo kumi anayelala chumba kimoja na mimi, na sikuwa na taarifa.

“Mchana alikuwa na nani?” daktari akauliza.

“Na dada.”

“Yuko wapi?”

“Nje.”

Hakukasirika. Alisema tu, “Mwiteni.”

Dada akaingia, akasimama karibu na mlango kama mtu aliyeitwa ofisi ya mwalimu mkuu. Daktari akamvutia kiti. “Karibu mdogo wangu, kaa. Niambie toka asubuhi.” Na Dada, ambaye kwetu hujibu maneno mawili matatu, akaanza. Uji saa moja na nusu, vijiko vinne, akautapika. Mwili ukaanza kuchemka kama saa tatu. Saa nne akampa dawa ya maji ya homa, kijiko kimoja cha chai, si kile kikombe kidogo cha kwenye chupa maana hakukiona. Nepi aliyomvalisha saa saba ilikuwa kavu mpaka magharibi. Maziwa aliyakataa. Mchana wote alinyonya kipande cha chungwa tu.

Daktari alikuwa anaandika haraka. Bila kuinua kichwa akauliza, “Na degedege, hii ya usiku ndiyo ya kwanza?”

Dada akanitazama mimi. Halafu akatazama sakafu.

“Hapana. Ya pili.”

Nasikia mpaka leo kalamu ilivyosimama.

Swali moja tu ndilo nililolijibu mimi kwa uhakika usiku ule: mtoto amesafiri? Amesafiri. Siku kumi zilizopita alikuwa ametoka Kilosa kwa bibi yake, alikaa huko wiki mbili. Hilo Dada hakuweza kulisema vizuri, maana alikuwa likizo kwao wakati ule. Kwa hiyo ukiangalia, kila mmoja wetu alikuwa na kipande chake cha habari. Vipande vile vilikuwa havijawahi kukaa meza moja mpaka mtu tusiyemjua alipovikalisha kwa nguvu.

Kipimo cha malaria kilitoa mistari miwili. Sukari ilipimwa papo hapo, ikakutwa iko chini, akawekewa dripu ya maji ya sukari. Kisha sindano ya artesuneti. Kama hujui, malaria kali haitibiwi kwa vidonge kwanza: ni sindano ya mara ya kwanza, nyingine baada ya saa kumi na mbili, nyingine baada ya saa ishirini na nne, ndipo mtoto akiweza kumeza anapewa dawa mseto. Nilimuuliza daktari kesho yake ingekuwaje kama tungebaki na lile “ndiyo” letu. Hakutaka kunitisha. Alisema hata degedege moja ni dalili ya hatari na asingeturudisha nyumbani. Lakini kujua kwamba zilikuwa mbili, kwamba mtoto hajala toka asubuhi na hajakojoa, kulimfanya asisubiri kitu. Alisema hivyo, akaenda kwa mtoto mwingine.

Tulilala huko siku mbili. Kidoti mzima, na jana amevunja rimoti. Ila sikuja kusimulia ugonjwa. Nimekuja kusimulia kilichotokea saa nne asubuhi ya siku ile.

Usiku wa manane, mama Kidoti amelala kwa kuegemeza kichwa kwenye kitanda cha mtoto, nilitoka nje nikamkuta Dada kwenye lile benchi. Hakuwa amelala. Nilikaa. Nikiri kwamba nilikaa nikiwa na hasira, na swali langu la kwanza halikuwa swali la mwandishi, lilikuwa la polisi: kwa nini hukusema?

Akasema, “Nilikubipu.”

Nikatoa simu. Kweli. Saa nne na dakika saba, saa nne na dakika nane, saa nne na dakika kumi na nne. Na chini yake ule ujumbe wa mtandao wa kuomba nipige. Nilikuwa kwenye mkutano na waandishi, waziri amechelewa, nikaona jina “Dada Home”, nikageuza simu kifudifudi. Nilidhani gesi imekwisha.

Na ilikuwa haki yangu kudhani hivyo? Hebu sikiliza. Mwezi mmoja nyuma alinipigia nikiwa nakimbizana na habari ya ukurasa wa mbele, mhariri kanisimamia mgongoni, kumbe anataka kuniambia maziwa yamekwisha. Nikamjibu kwa ukali. Nikamwambia maneno ambayo nayakumbuka neno kwa neno: “Usinipigie nikiwa kazini kama hakuna jambo la maana.” Tangu hapo hakupiga. Alikuwa anabipu, mimi nikipata nafasi napiga. Kwa hiyo ile kanuni niliiweka mwenyewe, ila sikusema jambo la maana ni lipi. Yeye alitakiwa apime. Mtoto akikohoa ni jambo la maana? Akianguka akalia akanyamaza? Akiwa na joto? Na simu yenyewe, kile kitochi, kilikuwa na salio sifuri, maana tulikuwa tunategemea anunue vocha kwa mshahara wake ili atupe habari za mtoto wetu. Amri ya mishahara ya mwaka 2022 iliweka shilingi 60,000 kwa mwezi kuwa kiwango cha chini kwa mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri. Sisi tunamlipa zaidi ya hapo na tulikuwa tunajiona watu wema sana. Vocha hatukuwahi kuifikiria.

“Ulivyonyamaza,” akasema, “nikajua umeona, na ukaona si jambo.”

Sikuwa na la kujibu. Na wala sikumaliza kusikia.

Degedege ya kwanza ilimshika Kidoti kama saa nne kamili. Dada hakuwahi kuiona kwa macho, aliwahi kuisikia tu kwao. Akambeba mtoto mbio mpaka kwa bibi wa nyumba ya tatu, bibi mmoja mwenye heshima zake ambaye kila mtoto wa mtaa ule amepita mikononi mwake. Bibi yule alifanya mambo mawili ya maana sana: alimvua mtoto mablanketi na alimlaza ubavu. Baada ya hapo akamfukiza. Wale waliokulia Pwani wanajua. Kipande cha kinyesi kikavu cha tembo, makaa, kitambaa juu. Mtoto akatulia, na degedege ya homa kwa kawaida hutulia yenyewe baada ya dakika chache, lakini nani wa kubishana na moshi ulioonekana na macho? Halafu bibi akamwonya Dada. Usiwaambie wenye mtoto, maana hao wasomi wataikimbiza hospitali, atachomwa sindano, na mtoto wa degedege akichomwa sindano ndiyo kwaheri. Na usilitaje jina lake hovyo.

Nataka nieleweke hapa, kwa sababu nawajua baadhi yenu mmeshaanza kucheka. Mimi mwenyewe bibi yangu alikuwa halitaji. Neno lenyewe limetokana na dege, na wapo wazee wanaosema ni ndege au nondo wa usiku anayemwangukia mtoto kivuli. Ile hofu ya sindano nayo haikutoka hewani. Watu walikuwa wanapeleka watoto hospitali wakiwa wamechelewa, malaria imeshapanda kichwani, mtoto anachomwa sindano na kufariki baada ya saa moja. Aliyebaki nyumbani anakumbuka sindano. Ukimweleza kwamba kilichoua ni zile siku tatu kabla ya sindano, anakutazama kama wewe ndiye mshirikina.

(Kwa faida ya msomaji mwenye mtoto kati ya miezi sita na miaka mitano, kwa sababu mimi sikuambiwa na mtu: akishikwa, mlaze ubavu mahali asipoweza kuanguka, legeza nguo, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimbane mikono, usimmwagie maji ya baridi, angalia saa. Kisha hospitali, hata kama ametulia. Ikipita dakika tano bado anatetemeka, usisubiri itulie, ondokeni.)

Basi Dada alirudi nyumbani na siri kubwa kuliko yeye. Huku bibi kamwonya, huku bosi kabipiwa mara tatu kanyamaza. Na kulikuwa na jambo la tatu, ambalo alilisema mwisho kabisa kwa sauti ya chini. Nyumba aliyofanya kazi kabla ya kuja kwetu, mtoto alianguka kitandani akavimba paji la uso. Alivyosema ukweli, alifukuzwa usiku uleule, mshahara wa mwezi haukutoka. Alilala kituo cha mabasi. Kwa hiyo mtu huyu alishafanya utafiti wake kuhusu kusema ukweli kwa wenye watoto, na majibu alikuwa nayo.

Mama Kidoti aliporudi kazini saa kumi na mbili jioni aliuliza kama tunavyouliza siku zote.

“Mtoto hajambo?”

“Hajambo. Ana joto kidogo.”

Nimelifikiria sana swali hili tangu siku ile. Lugha yetu ni tamu lakini kuna mahali imetuwekea mtego. Ukiuliza “hajambo?” umeshajibu. Umesema hana jambo, na mwenzako kazi yake ni kurudisha tu maneno yako bila ile alama ya kuuliza. Jaribu kujibu “ana jambo” uone linavyokaa vibaya mdomoni. Mtu anaweza kuwa na jeneza sebuleni na akakujibu hajambo, kisha akakaribisha kiti, ndipo baada ya maji ya kunywa akaanza na “ila”. Ile “ila” inahitaji muda. Inahitaji aliyeuliza awe amekaa, amevua viatu, hana simu mkononi. Sisi tulikuwa tunaulizia mlangoni, mkoba begani.

Na mimi ndiye niliyefundishwa chuo kikuu, miaka mitatu, kwamba habari ina nani, nini, lini, wapi, kwa nini na vipi. Mtu akiniletea habari yenye neno moja “hajambo” nitamrudisha mtaani akatafute. Kwa binti yangu nilikuwa naichapa hivyohivyo, kila jioni, bila kuhakiki.

Tulivyorudi nyumbani tukafanya kikao. Nilitaka kuandaa maneno, mama Kidoti akaniambia niache uandishi. Aliongea yeye. Alimwambia Dada mambo ambayo nadhani tulipaswa kumwambia siku ya kwanza: kwamba mtoto akianguka useme, akiungua useme, akimeza kitu useme, na hakuna atakayekufukuza kwa kusema. Dada akaitikia ndiyo. Nilimwona haamini, na sikumlaumu. Maneno kama hayo hata nyumba ile ya kwanza huenda aliambiwa. Tukamwekea salio, shilingi elfu tano kila mwezi, na tukakubaliana kwamba kubipu mara mbili mfululizo maana yake ni “toka nje ya mkutano”. Mhariri wangu nimemwambia. Alinitazama kwa muda, akasema na yeye ana wajukuu.

Kisha daftari. Wazo hili nililipata hospitali, nikiwa nimeishika kadi ya kliniki ya Kidoti. Umewahi kuisoma kadi ile vizuri? Mimi nilikuwa naiona kama cheti cha kuonyesha dirishani. Uzito wa kila mwezi umechorwa nukta kwa nukta, chanjo zote zimeandikwa, ya surua na rubela ya miezi tisa, ile ya pili ya miezi kumi na nane, tarehe na sahihi. Wauguzi sita saba tofauti wameandika humo, huenda hawajuani, lakini wa saba anaelewa alichoona wa kwanza. Watu wasiojuana wanaelewana kuhusu mwanangu, na sisi watatu tunaolala nyumba moja hatuelewani.

Nikanunua daftari la kurasa 64. Dada aliishia darasa la saba na nilidhani kuandika kutamsumbua. Mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Nilichora mistari: saa, amekula nini, amelala, choo, dawa, mengineyo. Siku ya pili mistari yangu yote alikuwa ameipuuza anaandika anavyoona yeye, na mpangilio wake ni bora. Na sisi tunaandika. Hilo ndilo nililokuwa sijalifikiria kabisa, kwamba habari inatakiwa itoke pande mbili. Usiku alikohoa, amelala saa sita. Mama kampa dawa saa kumi na moja alfajiri, usimpe nyingine kabla ya saa tano. Baba na mama wamegombana jana, labda ndiyo maana analia (hii aliandika mama Kidoti, mimi nisingeandika).

Rafiki yangu mmoja wa chumba cha habari ananicheka. Yeye mtoto wake yuko kituo cha kulelea watoto mchana, kizuri, cha kulipia kwelikweli, na kundi la WhatsApp lipo. Kila siku picha ishirini. Watoto wamekaa kwenye duara, watoto wanakula tikiti, watoto wamevaa kofia za karatasi. Nikamuuliza, mwanao anamwogopa nani pale? Akashangaa. Siku tatu baadaye akaniambia kumbe mtoto amekuwa akiumwa meno na mwenzake kwa mwezi mzima, na mlezi alikuwa anamsubiri mzazi aulize, na mzazi alikuwa anatazama picha. Halafu saa ya kumchukua mtoto jioni mlezi ana watoto kumi na tano mlangoni, bodaboda zinapiga honi, unaongea nini pale? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo vile visajiliwe, na tangu Desemba 2021 tuna programu nzima ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, ya tangu sifuri mpaka miaka minane. Niliandika habari ya programu ile mimi mwenyewe, aya sita, na sikujua inanihusu.

Kuna wanaosema dawa ni mama abaki nyumbani. Huwa nawauliza wanamaanisha mama wa nani, maana Dada naye atakuwa mama siku moja. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za uzazi, 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini ana haki ya hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Kwa Dar es Salaam saa mbili ni foleni ya kwenda tu. Mimi baba nilipata siku tatu, na moja niliimalizia kwenye semina. Baada ya hapo mtoto akawa wa Dada kutoka saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Ukihesabu saa alizokuwa macho katika mwaka wake wa kwanza, nyingi hakuwa na mimi wala mama yake. Anayemjua mwanangu ni Dada, na nilimwacha nje kwenye benchi kwa sababu mlinzi alisema wazazi tu. Sikubishana hata kidogo. Kwenye milango mingine yote ya nchi hii huwa nabishana, naonyesha na kitambulisho.

Niongeze moja, halafu niende kazini.

Wiki iliyopita, Jumapili, tumekaa barazani, nikaanza kusimulia kwa wageni jinsi Kidoti alivyopiga hatua zake za kwanza. Hii hadithi naipenda. Ilikuwa Jumapili pia, miezi saba iliyopita, nimetoka kuoga, nikamwona anasimama, anaachia kochi, hatua moja, mbili, tatu, anaangukia magotini kwangu. Mama yake alilia. Nilipiga simu Kilosa. Wageni wakafurahi, na Dada aliyekuwa anamimina chai akatabasamu tabasamu fulani ambalo, baada ya yote yaliyotokea, siku hizi nimejifunza kulisimamisha.

Wageni walipoondoka nikamuuliza. Akacheka, akaficha uso na kanga. Nikamwambia tulikubaliana, kila jambo unasema.

“Jumanne,” akasema.

“Jumanne gani?”

“Ile kabla ya Jumapili yenu. Alitembea toka jikoni mpaka mlangoni. Na Jumatano. Na Alhamisi.”

“Mbona hukutuambia?”

“Mama angeumia. Nikaona nimwache, mtamwona wenyewe Jumapili, mnakuwepo.”

Mama Kidoti alikuwa dirishani anasikia. Hakusema kitu. Aliingia ndani, akarudi na lile daftari na kalamu, akamkalisha Dada mkekani karibu yake, akafungua ukurasa wa mwisho. Akamwambia aanze na ile Jumanne, jikoni palikuwa na nini, na alivaa nini.